Mahagi-Port: tuache matete kidogo

Ukishuka kutoka Mahagi kwenda Ziwa Albert, milima yenyewe inakuambia ni mwezi gani. Januari majani yamekauka, moshi wa moto unapanda. Mvua ikirudi, Machi ao Aprili, mteremko wote unakuwa kijani, na wamama wanapanda tena mboga karibu na nyumba.

Huku chini, uzuri wetu wa mwaka mzima ni matete ya pembeni ya ziwa: ndege wanalala humo, samaki wanazalia humo. Lakini watu wanayakata kwa kujenga. Maji ilipopanda 2020, tuliona namna ziwa inakula udongo. Matete ndiyo inapunguza nguvu ya mawimbi. Basi tukate, lakini tuache mstari moja mbele ya maji.