Sura ya Tano: Ukuta Unaoanzia Katikati

Katika mashamba ya Babati, chini ya mlima Kwaraa, mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani zikikomaa taratibu. Mazao hayo mawili yana tabia tofauti, lakini ukuaji wake una sharti moja: seli lazima zigawanyike. Seli ya mnyama, ikishagawa kiini chake, hujibana katikati mpaka ikatengana, kama mdomo wa gunia unavyokazwa kwa kamba. Seli ya mmea haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa imezungukwa na ukuta mgumu. Badala yake hujenga ukuta mpya ndani yake, kuanzia katikati kuelekea kingoni. Hoja ya sura hii ni kwamba ujenzi huo unasimama au kuanguka kwa protini zinazounganisha tando.

Vifaa vya ujenzi hufika vikiwa ndani ya vifuko vidogo vya utando vinavyotoka kwenye sehemu ya seli iitwayo Golgi. Nyuzi za protini ziitwazo fragmoplasti huvielekeza mahali ukuta utakapokaa. Huko lazima viungane kuwa bamba moja, na hapo ndipo penye ugumu, maana tando mbili hazikubaliani kwa urahisi: kila moja ina tabaka la maji na chaji zinazoisukuma nyingine. Protini za ukoo wa SNARE, zilizopandikizwa kwenye tando zote mbili, hujisokota kuwa fungu la nyuzi nne, zikavuta tando karibu mno hata maji yakatoka katikati na tando zikawa moja. Katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis thaliana, protini mojawapo ya ukoo huo ni KNOLLE, inayotengenezwa seli inapogawanyika na kuondolewa kazi ikiisha.

Mtu anaweza kudai kwamba mjenzi halisi ni fragmoplasti, na kwamba protini hizi ni wasaidizi tu. Ushahidi unakataa. Mwaka 1991 kundi la Gerd Jürgens nchini Ujerumani lilieleza miche ya Arabidopsis yenye hitilafu za jeni, KNOLLE ikiwa mojawapo. Mwaka 1996 jeni hiyo ikatambuliwa. Mwaka uliofuata, darubini ya elektroni ilionyesha kinachotokea isipokuwepo: vifuko vinafika mahali pake, vinajipanga kwenye mstari wa ukuta, kisha vinabaki hivyo hivyo, kila kimoja peke yake. Usafirishaji haukukwama, kilichokosekana ni kuungana. Matokeo yake ni seli zenye viini zaidi ya kimoja na kuta zisizokamilika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: miche hiyo ilikuwa bado na kuta kadhaa, basi KNOLLE si ya lazima. Lakini kuta hizo zinaashiria kwamba protini nyingine huziba pengo kwa kiasi. Mwaka 2000 ilionekana kwamba kiinitete kinachokosa KNOLLE pamoja na KEULE, protini inayoisaidia KNOLLE kuwa tayari kushikana na wenzake, hubaki seli moja yenye viini vingi. Hata hivyo kuungana pekee hakutoshi: kafeini huvuruga bamba lililokwisha kuanza kujengwa, kwa hiyo lazima pia liimarishwe.

Je, mmea wa maabara ya Ulaya unahusianaje na mahindi ya Babati? Ukoo wa SNARE ni wa kale, umo katika mimea, kuvu na wanyama. Sumu ya pepopunda hudhuru kwa kukata protini mojawapo ya ukoo huu katika neva zetu, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013 ilitolewa kwa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof kwa kufafanua usafirishaji wa vifuko ndani ya seli. Katika punje changa ya hindi, viini vya sehemu ya chakula huongezeka kwanza bila kuta. Kuta hujengwa baadaye, kisha wanga hujaa. Katika Arabidopsis, hatua hiyo ya kuta pia huhitaji KNOLLE.

Mvua, udongo na mbegu huamua wingi wa mavuno, na hakuna protini itakayoziba pengo la ukame. Lakini bila tando kuungana, mbegu bora kwenye udongo bora isingepata hata jani la kwanza lililo sawasawa. Hicho ni kitu cha kukumbuka kila tunapozungumzia ukuaji wa mmea.