Giza Fupi Kati ya Madirisha Mawili

Mwamba wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ni mwembamba na umesimama karibu wima. Ukiutazama kwenye ramani, yaani kutoka juu, unaona mstari tu. Ukiutazama kutoka ubavuni, mstari uleule unakuwa ukuta mpana unaozama ardhini zaidi ya kilomita moja. Mjiolojia anayeueleza mbele ya watu huwa na ramani kwenye programu moja, umbo la pande tatu kwenye programu nyingine, na kiwango cha dhahabu, gramu kwa tani, kwenye jedwali. Anabonyeza Alt na Tab, projekta inakuwa nyeusi kidogo, kisha mstari umekuwa ukuta. Wajiolojia wenzake wanaendelea kumfuata. Diwani wa safu ya pili, ambaye mkutano uliitishwa kwa ajili yake, amebaki kwenye ramani.

Kosa hili hutupiwa kompyuta, na mara nyingine inastahili. Programu zilizofunguliwa huwa zinafanya kazi zote kwa pamoja. Kubadilisha dirisha ni kuamua tu picha ipi ikae juu. Hilo ni jambo la kufumba na kufumbua, mradi zote ziwe ndani ya kumbukumbu ya RAM. Lakini umbo la pande tatu la mgodi ni zito. Likijaza kumbukumbu, mfumo wa kompyuta huhamishia sehemu ya programu zilizolala kwenye diski, na ukizirudia huanza kuzivuta tena. Diski ya zamani inayozunguka huhitaji kama sehemu moja ya mia ya sekunde kufikia kipande kimoja cha data. RAM ni haraka zaidi ya mara 100,000, na vipande vya kuvutwa ni maelfu. Ndiyo maana picha inaganda. Zaidi ya hapo, programu ikidai ukubwa tofauti wa picha, kompyuta na projekta hulazimika kuelewana upya, na skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa.

Sekunde kadhaa ni nyingi mno. Desemba 1968, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini San Francisco, Robert Miller wa kampuni ya IBM alieleza kwamba jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huliona limekuja papo hapo, na kwamba kusubiri kukizidi sekunde mbili hivi, mtiririko wa mawazo hukatika. Katika mkutano huohuo, tarehe 9, Douglas Engelbart alitumia dakika 90 kuonyesha kipanya, maandishi yanayohaririwa kwenye skrini, na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale. Vyote vilionekana kwenye skrini moja kubwa. Kubadilisha picha hakukuwa kazi ya Engelbart: nyuma alikuwapo Bill English, akisimamia kamera na mitambo. Na mara kadhaa hawakuikata picha moja ili kuleta nyingine. Waliziweka moja juu ya nyingine, uso wa msemaji ukielea juu ya maandishi.

Kwa nini kulaza picha juu ya picha kunasaidia? Jibu zuri lilikuja mwaka 1997, Ronald Rensink na wenzake walipowaonyesha watu picha mbili zinazobadilishana, zilizofanana isipokuwa jambo moja kubwa. Kati ya picha na picha waliweka skrini tupu kwa milisekunde 80, chini hata ya ile sehemu ya kumi ya sekunde. Watu waliikodolea macho picha, ikabadilika mara nyingi, wasione tofauti. Uwazi ule ulipoondolewa, waliiona mara moja. Jicho hukamata mabadiliko kwa sababu kitu kimesogea mahali fulani. Giza linapoingia kati, skrini nzima husogea kwa pamoja, na ishara ile ndogo humezwa.

Wanaastronomia walilitumia jambo hili zamani. Mwaka 1930 Clyde Tombaugh aliigundua Pluto kwa kifaa kilichopokezana haraka picha mbili za anga lilelile zilizopigwa siku tofauti. Nyota zilitulia, nukta moja ikaruka. Mtu wa Geita anaweza kufanya vivyo hivyo leo kwa picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972. Chukua moja ya kabla ya mgodi mkubwa kuanza uzalishaji mwaka 2000 na nyingine ya miaka ya karibuni, zilinganishe kipimo na mahali, kisha zipokezane bila giza kati. Shimo la Nyankanga, la mgodi huo, litajitokeza lenyewe, bila msemaji kunyoosha kidole.

Bulyanhulu ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu pale picha imegeuzwa nyuzi 90. Roger Shepard na Jacqueline Metzler walipima jambo hilo mwaka 1971: akili huzungusha umbo kwa mwendo wa kama nyuzi 60 kwa sekunde. Robo mzunguko basi inahitaji sekunde moja na nusu, na hiyo ni kwa mtu anayejua kwamba ameombwa kuzungusha. Diwani wetu hakuambiwa.

Wala tatizo si elimu yake. Mchimbaji mdogo wa Lwamgasa, mkoani Geita, hahitaji kufundishwa kwamba mwamba unalala. Ameufuata ndani ya duara, yaani shimo lake la kuchimbia, kwa taa ya kichwani, na pengine anaujua kuliko aliyechora picha. Anachokosa ni kuliona duara lake kwenye skrini baada ya dirisha kubadilika.

Kwa hiyo, mjiolojia, wepesi wa vidole hautakusaidia sana. Weka alama ya shimo moja la uchorongaji, kwa rangi ileile, mahali palepale katika programu zote. Zungusha umbo taratibu kutoka juu hadi ubavuni, badala ya kuruka. Funga usivyovihitaji, na ujaribu kila kitu kwenye projekta ileile kabla watu hawajaingia. Giza likiwa haliepukiki, sema kabla ya kubonyeza: tunatoka juu, tunaingia ubavuni. Na kama hayo yote hayawezekani, onyesha ramani peke yake. Mstari mmoja ulioeleweka ni bora kuliko ukuta mzima uliowapita watu.