Motokaa Inayochemka Katika Msongamano: Dalili Zake na Tiba Yake

Kila jioni, wakati watu watokapo kazini, si ajabu kuona motokaa imesimama kando ya Barabara ya Jogoo mjini Nairobi, kifuniko cha injini kimeinuliwa na mvuke unafuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Pengine asubuhi ya siku hiyo hiyo motokaa hiyo ilitoka Machakos bila taabu yoyote. Mwenyewe hustaajabu: yawezekanaje injini istahimili safari ndefu, kisha ichemke inapokwenda polepole kama mtu atembeaye kwa miguu?

Jibu la swali hilo ndilo mwanzo wa tiba. Maji huzunguka ndani ya injini yakichukua joto, kisha hupita katika vijibomba vyembamba vya rejeta, na huko hupozwa na upepo. Motokaa ikikimbia, upepo huingia wenyewe. Ikiwa katika msongamano, hakuna upepo ila ule uvutwao na feni. Kwa hiyo, ikiwa injini huchemka katika mwendo wa polepole tu na kupoa njia ikifunguka, feni ndiyo ya kushukiwa kwanza. Lakini ikichemka mlimani au katika mwendo wa kasi, yafaa kuchunguza kama rejeta imeziba ndani, au pampu ya maji imechoka, au themostati imekwama.

Jambo la kwanza ni kutazama maji asubuhi, injini ikiwa baridi. Yakiwa yamepungua, hapana budi kutafuta yanakovujia: katika mipira, katika rejeta au katika pampu. Kuongeza maji kila siku bila kutafuta tundu si matengenezo.

Jambo la pili ni feni yenyewe. Katika motokaa za zamani huzungushwa na mkanda. Mkanda ukilegea au kuchakaa, feni huzunguka kivivu, na mara nyingi pampu ya maji pia, kwa kuwa mkanda ni mmoja. Katika motokaa nyingi za siku hizi feni huendeshwa kwa umeme, nayo huanza yenyewe joto likizidi. Fundi aiache injini iungurume gari likiwa limesimama, na atazame: je, mshale wa joto ukipanda, feni huzunguka? Kama haizunguki, achunguze fyuzi, rilei, nyaya na kifaa kinachopima joto. Kisha aiunganishe feni moja kwa moja na betri. Isipozunguka hata hapo, mota yake imekufa.

Jambo la tatu ni uso wa rejeta. Tope, nyasi na wadudu hujaa kati ya mapezi yake hata feni nzima ikashindwa kupitisha upepo. Yasafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakipitishwa kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Jambo la nne ni kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidharau. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima huyabana maji ili yasichemke upesi. Mpira wake ukipasuka, maji hutoka na injini hubaki kavu.

Iko desturi moja isiyofaa, nayo ni kuing'oa themostati na kuitupa kila injini inapochemka. Kama kosa ni la feni, kuing'oa hakutaleta upepo. Tena injini hukawia kupata joto lake, hula petroli nyingi na huchakaa upesi. Themostati mbovu ibadilishwe kwa nyingine nzima.

Dereva akiona mshale unapanda katika msongamano, azime mtambo wa kupoza hewa na afungulie ule wa joto, ili joto la injini lipate njia nyingine ya kutokea. Mshale ukizidi kupanda, ajitenge kando na kuzima injini. Kamwe asifungue kifuniko wakati huo, kwa maana maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Angoje hata injini ipoe kabisa. Wala asimimine maji baridi juu ya chuma cha moto, kisije kikapasuka.

Hapana haja ya kueleza kwa nini dereva wa teksi huogopa kupoteza abiria mmoja. Lakini akilazimisha safari, kichwa cha silinda huweza kupinda na gasketi kuungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, mapovu katika rejeta, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Hapo gari litalala gereji siku nyingi, na jamaa za nyumbani watangoje pesa zisizokuja. Nalo kosa lilianza kwa fyuzi moja au mkanda uliolegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.