Kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Wadau, leo tuongee klachi. Najua wengi wenu siku hizi ni watu wa otomatiki, lakini bado tupo sie wa Land Rover 110, Hilux za zamani na Volkswagen za mgongo wa duara, na kwenye klachi tunaliwa kweli kweli. Ukifika gereji ukasema tu "klachi inasumbua", jibu utakalopewa ni lile lile: shusha gia boksi, nunua seti mpya. Gia boksi ya Land Rover ni mzigo wa wanaume, na bili yake ukiipata unakaa chini. Kumbe mara nyingine ugonjwa uko nje kabisa, kwenye kimpira kidogo.

Swali la kwanza: klachi haishiki, au haiachii? Hayo ni magonjwa mawili, na wengi wanayachanganya.

Isiyoshika utaijua mlimani. Unapandisha Mombo kwenda Lushoto, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halina habari. Halafu inakuja ile harufu ya breki kuungua. Kupima ukiwa tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, vuta handibreki, asisimame mtu mbele wala nyuma. Ingiza gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia pedeli taratibu. Injini ikizima palepale, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Fanya mara moja tu, kila ukirudia unaichoma. Kabari nazisisitiza kwa wa Land Rover, maana handibreki yake haikamati magurudumu ya nyuma, inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi, na gari hucheza kidogo kabla ya kutulia.

Hata ikiteleza usikimbilie duka la spea. Volkswagen hizo za zamani na zile Suzuki ndogo za SJ410 zinatumia waya. Pedeli inatakiwa iwe na mchezo kidogo pale juu kabla haijawa nzito, upana wa kidole hivi. Pleti inavyolika, mchezo nao unapungua. Ukiisha kabisa, waya unavuta klachi muda wote kama vile umeikanyagia mguu, lazima iteleze. Legeza nati ya waya, rudisha mchezo, pima tena. Kazi ya dakika chache.

Sasa isiyoachia. Gia zinagoma, rivasi inakwaruza mpaka abiria wanageuka. Acha injini inaunguruma taratibu, kanyaga pedeli hadi chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza, pleti bado inazunguka. Haya, pampu pedeli mara tatu za haraka ujaribu tena. Ikiingia laini, shida ni oili: kuna hewa ndani au sili zimechoka.

Hapo ndipo alipoponea jirani yangu. Ana 110 anayobebea mboga, ndiyo inayolisha nyumba. Gereji moja (siitaji) ilishamwambia seti nzima, na alikuwa ameshakopa hela. Tukapima uani kwake: pampu, rivasi ikaingia. Tukafunua kimpira cha masta ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, oili ikachuruzika. Zikabadilishwa sili, hewa ikatolewa, kesho yake alikuwa sokoni.

Kuna jambo watu hawalijui. Kwenye breki, pedi zikilika oili kwenye kopo hushuka. Klachi ya oili ni kinyume: pleti ikilika, oili kwenye kopo hupanda kidogo. Kwa hiyo ukiona kopo la klachi linapungua, usidanganywe kwamba pleti imeisha, inavuja mahali. Angalia masta ya chini, kisha papasa juu ya pedeli ndani ya gari kama pamelowa. Na ukiongeza, weka oili ya breki. Oili ya injini huvimbisha mipira yote.

Kelele nazo zinasema. Zikianza unapokanyaga pedeli, ni beringi ya klachi. Zikiwepo gari likiwa nyutro na kutoweka ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi, na seti mpya ya klachi haitaiponya.

Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, nashuku oili imefika kwenye pleti. Land Rover ina tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Oili ikidondoka hapo, inuse: nyeusi ni ya injini, sili ya nyuma ya injini imekwisha, nyepesi yenye harufu kali ni ya gia boksi. Sili kwanza, pleti baadaye.

Wenye injini ya 300 Tdi, kama sili zote nzima na klachi imegoma kuachia ghafla, muulizeni fundi kuhusu uma unaosukuma beringi. Ule huliwa na kitufe unachoegemea mpaka unatoboka. Hapo ndiyo gia boksi inashuka kwa haki, na ikishashuka badilisha pleti, presha na beringi kwa pamoja. Mwambie pia fundi asipulize lile vumbi kwa kompresa. Pleti nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, alipanguse kwa kitambaa kilicholowa.