Kukaza ngozi kwa maji moto: pima kipande kwanza ndiyo upange bei

Leo naongea na mafundi wa ngozi na wauza ala za visu na mapanga, hasa wa huku kwetu Biharamulo, Ngara na pale njia panda ya Nyakanazi. Kuna hii kazi ya kukaza ngozi kwa maji ya moto mpaka inakuwa ngumu kama ubao. Ulaya ya zamani walitengenezea chupa na mavazi ya vita. Sisi inatufaa kwa ala, maana ala laini kisu kinaichana kutokea ndani, halafu anayeumia ni mteja aliyeivaa kiunoni.

Shida ni kwamba mtu anaona video, anabandika sufuria, ngozi inaharibika au inatoka vilevile kama ilivyoingia. Kosa halipo kwenye moto. Lipo dukani alikonunua ngozi.

Siyo kila ngozi inakazika. Inayokazika ni iliyosindikwa kwa magome ya miti. Hata hapa nchini tunayo miti hiyo, inaitwa miwati, ipo Njombe, na kampuni ya TANWAT inaishughulikia tangu 1949. Ngozi ya magome ukiikata, ndani ni kahawia. Ile nyingine ni ya dawa ya kromu. Ndiyo laini, ya viatu vingi vya kisasa na mikoba, na ukiikata mara nyingi ndani unaona ubluu au ukijivu. Lakini usiamini rangi peke yake, watu wanapaka.

Jaribu hivi. Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kabisa kwa dakika moja. Ya magome itajikunja na kusinyaa mbele ya macho yako. Ya kromu itatulia tu. Sasa hapa ndipo watu wanakosea: wanaona iliyotulia ndiyo imara, wanainunua. Aisee, iliyotulia ndiyo haitakaza. Nunua iliyojikunja.

Na ngozi mbichi ya buchani je? Hiyo hata usiipeleke kwenye moto. Umeona supu ya makongoro ikipoa inavyoganda? Ndicho kinachotokea, ngozi inageuka gundi. Ngozi mbichi unailoweka maji baridi, unaivuta, unaiacha ikauke, inakuwa ngumu yenyewe kama ya ngoma. Ila mvua ikiinyeshea inalegea tena, na panya na mbwa wanaipenda kweli.

Tuje kwenye moto. Huku tuko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Lakini hata hizo 95 ni kali mno kwa kazi hii. Ngozi inakuwa kama biskuti, ukiikunja inapasuka. Tafuta nyuzi 80 hivi. Huna kipimajoto? Chukua vikombe vinne vya maji yaliyochemka sasa hivi, ongeza kimoja cha maji baridi ya mtungini. Umefika.

Ngozi iwe nene, milimita 3 au 4. Kwanza iloweke kwenye maji baridi mpaka iache kutoa mapovu. Ndipo uiingize kwenye ya moto. Kama sufuria bado iko jikoni, weka vijiti chini, ngozi isiguse kitako. Anza na nusu dakika kwa kipande cha majaribio, kingine dakika moja, kingine dakika mbili, vikauke, halafu ujaribu kuvikunja. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu, na ndivyo inavyopasuka kirahisi. Mimi kwa ala sipendi kuzidisha dakika moja.

Ikitoka inakuwa kama mpira, una dakika chache tu. Ivalishe kwenye kibao ulichochonga kwa umbo la kisu, ibane, iache kivulini siku mbili. Usiianike juani wala pembeni ya jiko. Kibao ni bora kuliko kisu chenyewe, kwa sababu chuma na dawa ya magome vikikutana na maji vinatoa weusi ambao hautoki. Gundi paka baada ya kukauka, moto unaiachisha. Matundu ya uzi toboa kwa drili, sindano haitapita.

Sasa hela. Ngozi tunanunua kwa futi za mraba, na kwenye maji moto inasinyaa. Tuseme kipande chako cha majaribio kilikuwa sentimita 30 kwa 30, kikatoka 27 kwa 27. Unasema kimepungua kidogo, asilimia 10. Hapana. Kimepungua urefu na upana pia, kwa hiyo eneo lililobaki ni 81 kwa 100. Karibu moja ya tano ya ngozi uliyolipia imeondoka. Aliyepanga bei kwa ukubwa wa ala iliyokwisha, bila kuhesabu hicho, amemgawia mteja faida yake na bado anashangaa mtaji unakwenda wapi. Na ukitaka ala itoke sentimita 30, kata 33 na kidogo. Kila mzigo mpya wa ngozi pima upya, hazisinyai sawa, na hata ngozi moja ya tumboni haifanani na ya mgongoni.

Kusema ukweli, kazi nyingi hazihitaji moto wote huo. Ngozi ya magome ukiiloweka kwa maji ya uvuguvugu tu, ukaiumba na kuikausha, inashika umbo vizuri na haisinyai sana. Mteja wa kawaida mpe hiyo kwa bei ya kawaida. Ya maji moto mwekee anayeomba ngumu, mtoze zaidi. Mkanda na kamba za kandambili usizipeleke kabisa, hizo kazi yake ni kujikunja.

Mwisho ni nta. Hapa Biharamulo nyuki tunao, nta kwa warina asali inapatikana. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji, usiibandike motoni moja kwa moja, inawaka. Inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu. Pakaza kwenye ala iliyokauka ikiwa na joto kidogo, futa inayobaki. Maji ya mvua yanateleza juu, na ala inapata harufu ambayo wateja wa pale stendi wanainusa kabla hata ya kuuliza bei.