Cheche ikikataa, funga gaz kwanza

Huku Himbi, kwa mwenzetu mmoja mchimbaji, buto ya kuwasha resho ya gaz ilikuwa imekufa tangu majuma mawili. Unabonyeza, inalia tak, cheche hakuna. Asubuhi moja bibi yake akafungua robine, akabonyeza mara tatu, mara ine, kisha akaenda kuomba kiberiti kwa jirani bila kufunga. Aliporudi na kuwasha, moto ulimrukia miguuni mbele ya kufika mikononi. Alipona, lakini vidonda vilikaa siku nyingi. Na piyesi iliyokosekana iko ndogo kama kidole.

Sisi wa sendika tumezoea kusema juu ya kamba, mbao na hewa ya shimoni. Leo tunasema juu ya jikoni, kwa sababu familia zetu zinaanza kuacha makala na kupikia gaz. Ni vizuri: moshi unapungua, na msitu wa Virunga unapumua. Lakini gaz iko na sheria zake.

Kwa nini moto ulianzia miguuni? Gaz ya chupa, ni kusema propani na butani, iko nzito kuliko hewa. Inashuka na kulala chini, sawa vile mazuku. Watu wa kando ya ziwa tunaijua mazuku: mbuzi anaanguka kwenye bonde, na mtu mwenye kusimama hasikii kitu. Tofauti ni moja: mazuku inazima moto, gaz ya chupa inaupokea. Ndiyo maana wanaitia harufu mbaya. Ukisikia ile harufu, funga chupa, fungua milango na madirisha, usiguse kiberiti wala swichi ya umeme.

Tuje kwa buto yenyewe. Nyingi ziko na jiwe dogo ndani, na nyundo ya springi. Nyundo ikigonga jiwe, unatoka umeme wa maelfu ya volti, unapita ndani ya waya na kuruka kwenye ncha. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kuna mawe yanayotoa umeme yakikandamizwa.

Cheche ikipotea, usilaumu jiwe haraka. Funga chupa, acha resho ipoe, kisha angalia ncha: mafuta, masizi ao uji uliomwagika vinazuia cheche. Pangusa na kitambaa kikavu. Angalia kama waya imeyeyuka, na kama kauri nyeupe inayoshika ncha iko na ufa. Kama vyote ni vizima, nunua buto mpya. Enda na ile ya zamani mkononi, mulinganishe.

Wenye mashini ya gaz ya kupasha maji waangalie zaidi. Nyingi ziko na kamoto kadogo, ncha ya cheche, na kijiti kinachosikia joto. Kamoto kakizimika, kijiti kinapoa na gaz inajifunga yenyewe. Fundi anayekiruka kile kijiti ili mashini iwake tu, ni sawa na mtu anayekata kamba ya mwenzake. Piyesi iwe ya mashini ile ile, na maungio yapimwe na povu la sabuni, hapana na moto. Tena mashini isikae kwenye chumba kisicho na hewa: hapo inatoka monoksidi ya kaboni, ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ndani ya nyumba.

Tunajua pesa. Kuna unga, kuna minervali, na piyesi inangojea. Basi kwa resho, mukiingojea: kiberiti kiwake kwanza, robine ifuate. Kikizimika, funga, fungua mlango, ngoja harufu iishe.

Shimoni hakuna anayeshuka bila kukagua kamba. Jikoni nako, mama na watoto wanastahili ulinzi ule ule.