Jinsi Magonjwa ya Kuvu Yanavyopunguza Lishe ya Majani ya Mforsadi

Kiwavi wa hariri anayefugwa, ambaye jina lake la kisayansi ni Bombyx mori, hupata karibu kila anachohitaji kutoka kwenye jani la mforsadi, kwa kuwa hanywi maji, na akishageuka nondo hali tena. Katika wiki tatu hadi nne za uhai wake wa kiwavi hujivua ngozi mara nne na kupitia hatua tano za ukuaji, na zaidi ya robo tatu ya majani yote anayokula huyala katika hatua ya tano, pale tezi zake zinapojiandaa kutoa uzi. Uzi huo umeundwa kwa fibroini, iliyo kiini chake, na serisini, gundi inayouzunguka, ambazo zote mbili ni protini. Hariri kwa hiyo ni protini ya jani iliyobadilishwa umbo, na ugonjwa wowote unaoidhoofisha protini hiyo shambani hupunguza mavuno ya hariri.

Nchini India, ambayo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa hariri baada ya China, magonjwa matatu ya kuvu, yaani fangasi, huwasumbua sana wakulima wa majimbo kama Karnataka na West Bengal. La kwanza ni ubwiri unga, unaosababishwa na Phyllactinia corylea, kuvu ambayo ni tofauti na ile inayoshambulia mikorosho ya Mtwara na Lindi ingawa dalili zake zinafanana. Ugonjwa huu hushamiri miezi ya baridi na hutandaza unga mweupe upande wa chini wa jani, huku nyuzi za kuvu zikipenya kwenye stomata, yaani vitundu vya kupumulia, na kunyonya chakula ndani ya seli zilizo hai. La pili ni madoa ya majani, yanayoletwa na kuvu ya kundi la Cercospora wakati wa mvua, ambayo huua sehemu za jani na kuacha mabaka ya kahawia ambayo baadaye hukauka na kudondoka. La tatu ni kutu, inayotokeza vipele vidogo vya rangi ya kahawia kwenye majani yaliyokomaa, kisha jani hugeuka manjano na kupukutika kabla ya wakati.

Njia za mashambulizi zinatofautiana, lakini hasara ya lishe hufuata mkondo unaofanana. Klorofili, yaani umbijani unaonasa mwanga wa jua, hupungua, hivyo usanisinuru hudhoofika na sukari inayotengenezwa huwa kidogo, ilhali hata hiyo kidogo huchukuliwa kwa sehemu na kuvu. Protini nayo huvunjwa, kwani sehemu kubwa ya protini ya jani la kijani ni kimeng'enya kinachoendesha usanisinuru wenyewe, na jani linalozeeka mapema kwa ugonjwa hukipoteza. Maji pia hupotea, hasa pale vipele vya kutu vinapopasua ngozi ya jani, jambo lenye uzito kwa mdudu ambaye jani ndilo kisima chake. Juu ya hayo, mmea hujihami kwa kuongeza fenoli, kemikali za kujilinda ambazo baadhi yake hushikamana na protini na kuifanya iwe ngumu kumeng'enywa.

Matokeo yake huonekana kwa kiwavi mwenyewe. Anayelishwa majani yenye ugonjwa hula kidogo, huchelewa kukua, huwa na uzito mdogo na hufuma kifukofuko chepesi chenye ganda jembamba na uzi mfupi. Wadogo wa hatua mbili za mwanzo ndio huathirika zaidi, kwa sababu wanahitaji majani laini yenye maji mengi na sukari ya kutosha.

Tahadhari inahitajika katika kusoma vipimo vya maabara. Kipimo cha kawaida cha protini ghafi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni yote iliyomo katika jani, na kuvu iliyoota ndani yake ina naitrojeni yake, ikiwemo ya kitini, dutu ngumu inayojenga kuta za seli zake. Jani linaweza basi kuonyesha kiwango cha kuridhisha kwenye karatasi huku protini inayomfaa kiwavi ikiwa imepungua.

Kinga huanza shambani. Nafasi ya kutosha kati ya miti huruhusu hewa na jua kukausha unyevu, na majani yaliyoanguka yakikusanywa na kuzikwa, chanzo cha maambukizi hupungua. Kuvuna kwa wakati kuna faida kubwa zaidi, kwa kuwa ubwiri unga na kutu hupendelea majani yaliyoachwa yakapitiliza. Dawa ya salfa husaidia dhidi ya ubwiri unga, mradi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zizingatiwe kabla ya kuvuna, maana mabaki ya dawa humdhuru kiwavi. Mkulima pia ana msaidizi wa asili, mdudukibibi wa njano wa jenasi Illeis anayekula kuvu ya ubwiri unga, ambaye hafai kuuawa kwa kupuliza viuadudu ovyo.

Wafugaji wa viwavi wa hariri wa Kenya, Uganda na Rwanda nao hulisha majani ya mforsadi, na kwao pia kikapu cha majani hakipaswi kuhukumiwa kwa uzito peke yake. Idadi ya viwavi ipangwe kulingana na majani yenye afya yaliyopo, na majani hayo yakipungua, ni heri kufuga viwavi wachache walioshiba vyema kuliko wengi wanaolishwa majani ambayo kuvu imekwisha kuyamaliza lishe.